Ruzuku za utafiti na elimu ya kilimo hai: sisi wadogo tunaanzia wapi?

mwanamboji:
Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha wakulima, kilimo hai tumeshafanya misimu kadhaa na sasa tunataka tufanye jaribio la kueleweka, mboji peke yake tuilinganishe na mboji pamoja na mikunde ya kufukia ardhini, tuone ipi inapunguza magugu. Kinachokwamisha ni hela. Matangazo ya ruzuku nayaona, mengine yanasema utafiti, mengine utafiti na elimu kwa pamoja, na mengi yanataka taasisi iliyosajiliwa, sasa tutafute chuo tushirikiane nacho au tuombe wenyewe? Halafu kwenye andiko letu la kuomba ruzuku tumeahidi "kuongeza rutuba ya udongo ndani ya miezi 12", mwenzetu mmoja anadai hiyo sentensi ndo itatuangusha. Ni kweli? Nisaidieni kwa maelezo jamani, msinirushie linki tu mkaondoka.

kalamu_na_jembe:
Mwenzenu kawaambia kweli, futeni hiyo sentensi leo leo. Nimewahi kukaa upande wa kusoma maandiko na ahadi za namna hiyo tulikuwa tunazikuta kila raundi. Rutuba mara nyingi inapimwa kwa kaboni ya udongo, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyooza humo, na hiyo inabadilika polepole mno, mwaka mmoja hata kipimo chenyewe hakitofautishi mabadiliko ya kweli na tofauti za kawaida kati ya sampuli na sampuli. Ndo maana majaribio makubwa ya kilimo hai ni ya miongo, lile la DOK kule Uswisi, linalolinganisha kilimo hai na cha kawaida, lilianza 1978 na la taasisi ya Rodale kule Marekani 1981 na yote yanaendelea mpaka leo. Nyie mna miezi 12, ahidini vitu vinavyoonekana ndani ya miezi 12: masaa ya palizi kwa kila ploti, idadi ya magugu kwenye mita moja ya mraba, mavuno, maji yanazama kwa kasi gani. Masaa ya palizi mi nayapenda sana kwa sababu mkulima anayaelewa bila kutafsiriwa na mfadhili naye anayaelewa.
Na msisahau ploti ya kulinganishia!! Watu wanaweka mboji shamba zima halafu wanasema imefanya kazi, imefanya kazi ukilinganisha na nini? Kila ploti irudiwe angalau mara 3 au 4, na zipangwe kwa kura, msichague nyie kwamba mboji iende pale penye udongo mzuri.

Shangazi wa Bustani:
Kuhusu nani aombe, inategemea mfuko wanangu. Tazameni Marekani, kule wamegawa kabisa. Kuna SARE, mpango wa utafiti na elimu ya kilimo endelevu ulioanza 1988, hiyo ina ruzuku ndogo ambazo mkulima anaomba mwenyewe kwa jina lake kujaribu wazo shambani kwake. Halafu kuna OREI, mfuko wa wizara ya kilimo wa utafiti na ugani wa kilimo hai, hiyo ni pesa nzito, sheria ya kilimo ya 2018 iliipandisha hadi dola milioni 50 kwa mwaka kufikia 2023, na wanaozipata kwa kawaida ni vyuo na taasisi za utafiti. Sasa kikundi kidogo ukikimbilia mfuko wa aina ya pili peke yako utaandika kurasa nyingi bure. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno someni kipengele cha nani anaruhusiwa kuomba, nusu ya maswali ya humu yanajibiwa hapo, basi tu watu hawapendi kusoma 😅

mpiga_palizi:
Mi naongea kwa uchungu. Tuliwahi kushirikiana na taasisi moja (sitaji jina), pesa ikapita kwao, wakakata gharama zao za uendeshaji, sisi tukabaki na posho ya siku ya mafunzo na mabango. Data hatukuziona mpaka leo. Sisemi msishirikiane nao, mtu wa takwimu mnamhitaji kweli, ila muandikiane mapema: nani anashika hela, mkulima analipwa nini kwa muda wake na kwa ploti itakayovuna kidogo, data ni za nani.

kalamu_na_jembe:
@mpiga_palizi hapo umegonga. Malipo ya mkulima yawe na mstari wake kwenye bajeti, yasifichwe kwenye "mengineyo".

mwanamboji:
Asanteni sana, sentensi nimeshaifuta. Ila upande wa elimu tumeandika "semina mbili, washiriki 60", inatosha?

Shangazi wa Bustani:
Haitoshi mwanangu. Hiyo ni idadi ya viti tu. Fanyeni shamba darasa, wakulima haohao waje kwenye ploti zilezile tangu kupanda mpaka kuvuna, wahesabu magugu wenyewe kwa mikono yao, halafu msimu unaofuata mrudi kuuliza wangapi wamefukia mikunde kwao na walioacha wameachia wapi. Hilo la walioacha liandikeni kabisa kwenye andiko, wasomaji wanalipenda. Na ratiba ianze na msimu wa kupanda, maana pesa ikiingia mvua zimeshapita mtakuwa na mradi wa miezi 12 usio na zao shambani.

mwanamboji:
Duh, hilo la mvua hatukuliwaza kabisa. Ngoja nirudi kwenye kalenda kwanza.