Mtoto ana saratani ya jicho: daktari anasema litolewe, wazee wanasema tusubiri

Mvuvi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa waliowahi kuuguza mtoto mwenye saratani.

Binti yangu ana miezi 14. Mama yake aliona mapema kuwa jicho la kushoto likipigwa na mwanga linang'aa weupe kama la paka, kisha likaanza kwenda kengeza. Tulikoanzia tulipewa dawa ya matone tukarudi nyumbani. Idi ilipofika shangazi yake akampiga picha kwa simu usiku, jicho moja likatoka jekundu, jengine jeupe pe. Safari hii tukapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kutoka hapo Muhimbili, Dar. Huko walimtia usingizi wakamtazama vizuri. Ugonjwa unaitwa retinoblastoma, saratani inayoota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Haijatoka nje ya jicho, lakini imelijaa na halioni tena. Daktari anasema litolewe. La kulia ni zima.

Tumeomba ruhusa tuje kuzungumza na wazee, na hapo ndipo penye mtihani. Mama yangu analia, anasema mtoto wa kike kutolewa jicho ni kumharibia maisha, nani atamuoa. Ami yangu anamjua mtu anayetibu kwa miti. Mke wangu anataka turudi Dar hata kesho. Mama yangu namheshimu, sitaki kumvunja moyo, na mtoto kila nikimtazama roho inanipaa. Na fedha nitatoa wapi, nami kazi yangu ni bahari?

Mama wa Chake

Wa alaykum salaam, baba. Pole sana, nyumba nzima. Wangu alitolewa jicho hajafika miaka miwili. Leo yuko skuli, na kwenye chuo cha Kurani anasoma na wenzake.

Nilidhani atalala kitandani muda mrefu. Wapi! Bandeji ikiwa bado usoni alishataka kuteremka acheze. Lile jicho lilikuwa halioni siku nyingi, kwa hiyo kwake hakikupungua kitu, sisi ndio tuliokuwa tunaomboleza. Mle ndani waliweka kidude cha mviringo ili uso ukue sawa, na kidonda kilipopona, kama wiki sita hivi, akapimwa jicho la bandia. Linabadilishwa kadiri anavyokua. Kilichoniuma zaidi ni macho ya watu, na maneno kwamba nimemzaa na husda.

Mama yako ana uchungu wa bibi, usimkasirikie. Lakini mwambie kwa upole: kabla ya kuuliza nani atamuoa, tuombe afike umri wa kuolewa.

Nesi Mstaafu, Mkoani

Mwanangu, nikueleze kwa nini wana haraka. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaokwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Saratani ikiufuata huo, au ikiingia kwenye damu ikafika mifupani, matibabu yanakuwa mazito mno na matumaini yanapungua sana. Ikiwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi mno wanapona. Kwenye nchi zenye uwezo ni zaidi ya 95 kwa kila 100.

Umesikia pengine mtu akiuliza mbona hawakukata kinyama wapime kwanza. Kwa ugonjwa huu hawafanyi hivyo, kwa sababu kulitoboa jicho kunaweza kuzitoa seli nje. Jicho likishatolewa ndipo maabara wanalichunguza pamoja na ule mshipa, na hapo wanaamua kama anahitaji dripu za dawa za saratani. Akianzishiwa dripu, lishike hili: homa ikifika 38, usimpe dawa ya homa mkasubiri asubuhi. Ni hospitali saa ileile, kwa sababu kinga yake imeshuka.

Wako wanaookolewa jicho, kwa miale ya leza, kugandishwa kwa baridi au dripu. Hao uvimbe wao bado mdogo na jicho lingali na faida. Binti yako ameshapita hapo.

Mzee wa Konde

Kijana, hospitali siipingi. Lakini mpelekeni kwanza akasomewe, anywe kombe la aya za Kurani, muangalie mwezi mmoja.

Mama wa Chake

Shikamoo mzee wangu. Kusomewa ni kheri, na wodini hakukatazwi. Mume wangu akimsomea wetu kila baada ya Alfajiri. Mtume (SAW) mwenyewe katuambia tujitibu. Ninachokiogopa ni huo mwezi, na miti ya kutia jichoni. Nimewaona waliokuja baada ya jicho kutoka nje, siwezi kueleza.

Kijana wa Darajani

Kuhusu fedha: wodi ya saratani ya watoto pale Muhimbili inasaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha, matibabu ya watoto ni bure, na wana makaazi ya familia zinazotoka mbali. Mkifika muulizeni afisa ustawi wa jamii siku ileile. Fedha za kutafuta ni nauli za boti na matumizi. Waambie jamaa hivyo hivyo, wengi watachangia wakijua ni nauli. Chukueni karatasi ya rufaa na cheti cha kuzaliwa.

Mvuvi wa Wete

Allah awalipe. Nimemsomea mama yote haya. Ndiyo hajasema, ila kauliza mtoto atalala wapi huko Dar. Mimi nimeshaamua, tunapanda boti wiki hii. La mwisho: kaka yake ana miaka mitatu, haoneshi dalili. Naye apimwe?

Nesi Mstaafu, Mkoani

Mchukueni, tena safari hiihii. Baadhi ya watoto wana hitilafu ya jeni, na ndugu anaweza kuwa nayo. Atatiwa dawa ya kupanua mboni, atazamwe ndani, na daktari atawaambia arudi lini. Na huyo binti, jicho lililobaki lazima liendelee kutazamwa kwa miaka, msikose tarehe. Mkeo mwambie hitilafu hiyo haitokani na alichokula wala alichofanya akiwa mjamzito.

Boti asubuhi huwa na upepo, mfunikeni mtoto.