Naomba ushauri: Namtafuta mama yake babu, jina lake halimo popote

Assalaam alaykum ndugu zangu. Babu mzaa baba alizaliwa Unguja mwaka 1893. Mama yake aliletwa kutoka Mandvi, bandari ya Kutch huko India, kwa jahazi lililofuata upepo wa kaskazi, akiwa mwari tu. Sisi ni Makhoja, jumuiya ya Waislamu wenye asili ya India. Majina ya wanaume tunayo hadi vizazi sita. Yeye ameandikwa "mke wa", basi. Linaniuma sana, maana mumewe alipofariki ndiye aliyeshika duka na kulea watoto wanne.

Alituachia kipini cha dhahabu, kimefungwa katika kitambaa chekundu kilichochakaa, na daftari la hesabu la maandishi ya Khojki, hati ya zamani ya Makhoja. Pembeni mwa ukurasa mmoja kuna mwandiko mwingine, mdogo, umeinama. Shangazi aliambiwa ni wa bibi huyo.

Nani bado anasoma Khojki? Na pale Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, nianze na mafaili ya ubalozi wa Uingereza, au niende kwanza kwenye vitabu vya ndoa vya jumuiya? Shangazi ana miaka 91. Natamani alisikie jina hilo.