Tupeane uzoefu: kupanga chakula cha usiku cha wiki nzima, nani kaweza?

Binti Ngamiani: Jana nimerudi saa moja na nusu, sijavua hata viatu, mwanangu ananiuliza, "Mama, leo tunakula nini?" Nikataka kulia. Hela ya mboga ninayo, kinachonichosha ni kule kuwaza. Jana wali, juzi ugali, leo je? Mnaopika Jumapili mkala mpaka Ijumaa njooni hapa. Mlioshindwa pia mje.

Mama Kisamvu: Swali hilo ndilo linalotuzeesha, wala si kuzaa.

Mgosi wa Pongwe: Na wanaume tunaopika mnatuweka wapi?

Mama Kisamvu: Mgosi kaa hapo kibarazani, tutakuita ukune nazi.

Wa Sahare: Mimi niliandika karatasi nikabandika kwenye friji. Jumatatu dagaa, Jumanne changu, Jumatano kunde. Jumatatu nafika pwani, hakuna hata harufu. Mzee mmoja anashona nyavu akanicheka: "Mwezi mpevu huu mwanangu, nani atoke na taa?" Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa. Nimezaliwa hapa hapa na nilikuwa silijui hilo. Siku hizi kabla sijaandika ratiba nachungulia mwezi kwanza.

Bi Tui: Mie nakuna nazi sita Jumapili, nakamua, tui nagandisha kwenye vifuko. Kazi imeisha.

Mama Kisamvu: Shoga, tui lililoganda likiyeyuka linakatika. Mafuta juu, maji chini. Nani kakufunza?

Bi Tui: Unalikoroga. Kwenye mchuzi nani anaona?

Mama Kisamvu: Mie naona. Na mama mkwe ataona.

Nimetulia Sasa: Ngojeni, hii mada imenitonesha. Mwaka juzi nilikuwa na mpangilio haswa. Jumamosi sokoni Mgandini na kapu, Jumapili nachemsha maharage, kisamvu natwanga nakichemsha bila nazi, papa mkavu naloweka, nachambua, naunga kabisa. Makopo matano ya plastiki, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: J3, J4, J5, ALH, IJ. Papa ni wa ALH.

Wiki ya kwanza Alhamisi kopo silioni. Namuuliza dada wa kazi, anaapa. Wiki ya pili vile vile. Nikamsema yule binti mpaka akalia, akafunga kifurushi chake akarudi kwao Handeni. Mume wangu yupo pale pale, anasema "wasichana wa kazi ndivyo walivyo." Wiki ya tatu papa kaondoka tena, na binti hayupo. Nikajua humu ndani kuna paka wa miguu miwili.

Haukupita mwezi tukaenda kuhani msiba Makorora. Tumekaa mkekani, chai inamiminwa, bibi mmoja anapitisha maandazi. Maandazi yamo ndani ya kopo langu. Mwandiko wangu. ALH. Nikamwambia kwa upole, "Kopo zuri hili bibi, la nani?" Akasema, "La binti yangu. Mumewe humletea kitoweo kila Alhamisi."

Sikusema neno. Nikala andazi langu, nikaomba kopo nikalioshe bombani, nikaondoka nalo. Usiku nikamwekea baba watoto mezani. Tupu, na kijiko.

Bi Tui: NA KIJIKO 😭

Wa Sahare: Ikawaje? Usituache hapo.

Kanzu Nyeupe: Dada, kama kaoa mke wa pili, dini inaruhusu. Tusimhukumu mtu.

Mama Kisamvu: Inaruhusu kuoa. Kuiba papa imeruhusu wapi?

Kanzu Nyeupe: Papa kanunua nani?

Nimetulia Sasa: Mimi. Kwa mshahara wangu. Na nilimfuata binti mpaka Handeni kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, kazini hakurudi. Hilo linaniuma kuliko la mume.

Mgosi wa Pongwe: Kanzu, toka polepole.

Binti Ngamiani: Jamani, nawapa pole, lakini kesho narudi tena saa moja na nusu.

Mama Kisamvu: Mwanangu, usipike wiki nzima. Loweka maharage usiku, yachemshe asubuhi ukijiandaa, jioni unaunga tu. Wali upike palepale, wali wa juzi ni adhabu.

Wa Sahare: Mie wali wa juzi naukaanga na kitunguu, watoto wanagombania.

Bi Tui: Gandisha kila kitu. Ila kilichoyeyuka usikirudishe tena, na umeme ukikatika usifungue fungue friji.

Mgosi wa Pongwe: Na makopo usiyaandike.

Nimetulia Sasa: Andika! Nisingeandika ningejuaje?

Binti Ngamiani: Leo tumekula chipsi mayai. Kesho naloweka maharage.

Kanzu Nyeupe: Samahani dada, huyo papa ulikuwa unamnunua upande gani wa Mgandini?