Ushauri: ripoti ya tathmini ya mradi wa wavuvi, Lamu

MwanaAmu: Assalaam aleikum wanajamvi. Nimepewa kazi ya kutathmini mradi wa serikali uliogawa injini za boti na friza za samaki kwa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe) za kisiwa cha Pate. Kilo zinazoshushwa dikoni zimepanda karibu mara mbili. Ripoti yatakiwa wiki ijayo na usingizi sipati. Nianze na matokeo au mbinu?

Mchumi_Malindi: Matokeo kwanza. Ila vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, lile shirika la uchumi la nchi tajiri, usivisahau, 2019 waliongeza cha 6: uwiano wa mradi na miradi mingine. Wengi hukiruka.

BahariShamba: Mimi mvuvi. Tangu Mahakama Kuu iamue 2018 wavuvi wa Lamu tulipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, kila anayekuja na dodoso tunamuuliza, hii ni ya fidia? Na majibu yetu hufuata hapo.

BintiFaza: Takwimu za mwanzo zilichukuliwa lini?

MwanaAmu: Kabla ya mradi, dada.

BintiFaza: Mwezi gani?

MwanaAmu: Julai. Za mwisho ni Januari. Lakini tarehe zilipangwa na bajeti, si mimi. Na mratibu nimeshamwambia mradi umefaulu.

BahariShamba: Subhanallah! Julai ni kusi, bahari imechafuka, mashua ziko juu mchangani. Januari ni kaskazi, hata asiye na injini anarudi na samaki.

Ustadh_Langoni: Hiyo ni amana, mwanangu. Sahihi yako utaulizwa.

Kipepeo7: Mbona nahisi hadithi ya kutunga? Mradi hauna jina, mratibu hana ofisi. Huyu mwanafunzi anatafutiwa jibu la mtihani.

Mchumi_Malindi: Hata mimi nimeanza kushuku.

MwanaAmu: Jina nikilitaja nitajulikana kesho. Madaftari ya karani wa diko ninayo hapa mezani. Yameandikwa kwa penseli, kurasa zimegandana kwa magamba, na safu ya kamba Julai nzima ni vistari vitupu.

BintiFaza: Awe mwanafunzi au asiwe, swali ni la kweli. Kaka, madaftari hayo yana Januari ya kabla ya injini? Basi linganisha kaskazi kwa kaskazi. Kisha tafuta madiko ambayo hayakupewa kitu, uone nako kilo zimepanda kiasi gani miezi hiyo hiyo. Kinachozidi hapo ndicho unachoweza kudai kimeletwa na mradi.

MwanaAmu: Muda hautoshi. Nilishapanga kuitaja misimu kwenye mapungufu, kule nyuma.

BintiFaza: Kule nyuma hapasomwi. Wakubwa watabeba hiyo "mara mbili" ya ukurasa wa kwanza na kupangia bajeti ya mwaka ujao. Omba uongezewe siku, na msimu uandike pale pale penye namba.

BahariShamba: Diko letu halikupewa injini wala friza, na karani wetu huandika kila siku. Nitumie ujumbe, nitakupeleka kwake Jumamosi.