Tupeane uzoefu: ndege wahamao mlangoni mwa Mto Sabaki msimu wa demani

Mkaazi wa Malindi
Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Demani imeingia, kusi imepungua nguvu, na mlango wa Mto Sabaki unabadilisha wageni: wale ndege wa Madagaska wenye mkia wa panda, wanaowinda wadudu hewani mithili ya mbayuwayu na kukaa kwetu tangu Aprili au Mei, wanarejea kwao kutaga, huku vitwitwi waliozaliana Siberia wakiwasili. Afikaye mapema Septemba aweza kuwaona wote siku moja. Mimi hushukia darajani alfajiri na kufuata mto kwa miguu hadi kwenye mafungu ya mchanga. Safari iliyopita nilimkazia darubini kitwitwi mmoja ambaye kifua chake kilikuwa bado na mabaka mekundu ya vazi la kuzalia. Alidunga tope upesi upesi kwa mdomo wake uliopinda, akasita, kisha akavuta mnyoo mwembamba taratibu, asiukate. Mwenye kisa chake, cha hapa au kwingine, atusimulie, na atutajie hali ya maji.

Jirani wa Mida
Maji ndiyo kila kitu, ndugu yangu. Hapa Mida yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali hata darubini haisaidii, na yakijaa hukimbilia mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo mimi huwahi, yakiwa yamebakiza muda wa saa mbili hivi kujaa, nikatulia kando ya mikoko, na maji yenyewe huwasukuma kunijia. Hivyo ndivyo nilivyomwona vizuri yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Alimkamata kaa, akamtikisa hadi miguu ikang'oka, ndipo akammeza. Ndege huyu hutaga yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko pwani za Uarabuni, na hadi leo hunistaajabisha kwamba kifaranga aliyeanguliwa gizani namna hiyo huja kukulia kwenye tope letu.

Bi. Mkubwa wa Mambrui
Nakubaliana nanyi, wanangu, ila kuna jambo linaloniuma. Asubuhi moja pikipiki ilipita ufuoni, kundi zima likaruka. Halijatua vizuri, mbwa wakalifukuza tena. Ndege aliyetoka Siberia amemaliza mafuta yake mwilini, na kila anaporushwa hupoteza nguvu pamoja na muda wa kula kabla maji hayajafunika tope. Tafadhali simameni mbali, na mwonapo wameinua vichwa wote kwa pamoja, rudini nyuma.

Mvuvi wa Lamu
Shikamoo, Bi. Mkubwa. Huku kwetu tunaowategemea ni buabua, kwani wanapopiga mbizi mahali pamoja tunajua kuna dagaa, na chini yao samaki wakubwa. Wanapotaga kwenye visiwa vidogo vya Kiunga hatuteremki, kwa sababu mama akiruka, jua huyaunguza mayai.