Mrejesho: waya zilizoungua kwenye jiko la umeme la kukaushia nyama kwa moshi
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini waya za elementi (koili inayotoa joto) ya jiko langu, hapa Jinja, Uganda, ziliungua kwenye ncha. Mlinishauri nipime elementi kwanza, nanyi mlikuwa sahihi: ni ya wati 1,500 kwa volti 240, na kipimo kilisoma omu 38 za ukinzani (jinsi inavyozuia umeme kupita), sawa na hesabu ya 240 × 240 ÷ 1,500, kwa hiyo ilikuwa nzima kabisa. Kilichounguza ni kiungio kilicholegea, ambacho huongeza ukinzani na kuzalisha joto papo hapo. Nilikata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, nikaunga waya wenye ganda la silikoni unaostahimili nyuzijoto 180, kisha nikabana vichwa vipya vya waya kwa koleo badala ya kuunga kwa risasi ya kulehemu (solda), ambayo ingeyeyuka kwa joto. Waya wa ethi (wa usalama, unaopeleka ardhini umeme unaovuja) nimeurudisha pia, na jiko linafanya kazi vizuri. Asanteni sana.