Metadoni ya moyoni na ya pajani hazilingani, niamini ipi?

Swali
Wakuu, majibu ya maiti moja: metadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini kliniki) kwenye damu ya moyo ni mara mbili ya ile ya mshipa wa paja. Ipi iingie kwenye ripoti? Na takwimu za namna hii zinafaa kulinganisha vifo vya dawa za kulevya vya eneo moja na jingine?

Jibu 1
Ya paja. Mtu akishakufa, dawa iliyolala kwenye mapafu, ini na msuli wa moyo huvujia damu iliyo jirani, hivyo ya moyoni hupanda yenyewe. Funga mshipa wa paja kwa uzi upande wa juu, choma sindano chini ya fundo, usikamue mguu. Mililita 10 zinatosha, kwenye chupa yenye sodiamu floridi, kisha friji ya nyuzi 4. Bila floridi, bakteria hutengeneza pombe na vimeng'enya hula kokeini. Lebo iseme "paja". Neno "damu" peke yake halimsaidii mtu wa maabara.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi kuandika kuwa metadoni ndiyo iliyoua. Mgonjwa wa kliniki aliyezoea metadoni anatembea na kiwango ambacho kingemmaliza asiyezoea. Kwa huyo wa pili, hata miligramu 50 zinaweza kutosha. Ulizia kadi ya dozi, hasa kama aliruka siku au ametoka gerezani karibuni.

Jibu 2
Chukua mkojo na maji ya ndani ya jicho (si machozi) pia. Heroini hugeuka ndani ya dakika chache kuwa 6-asetilimofini, halafu mofini. Damu ikibaki na mofini tupu, hujui ni unga au sindano ya hospitali. 6-asetilimofini hukaa zaidi jichoni na kwenye mkojo. Jichoni vuta taratibu, ukilazimisha unang'oa vipande vya retina.

Jibu 3
Kulinganisha maeneo ni kazi ya mtego. Uskoti ilihesabu vifo 1,339 mwaka 2020 na 1,051 mwaka 2022, vingi vikiwa na dawa zaidi ya moja, zikiwemo benzo (vidonge vya kutuliza na kulaza usingizi) za mtaani kama etizolamu. England huhesabu kwa tarehe ya kusajili kifo, na uchunguzi wa koroner (afisa anayechunguza vifo vya kutatanisha) huchelewesha usajili kwa miezi, kwa hiyo mwaka wao huenda si mwaka mtu aliokufa. Marekani nako, fentanili (afyuni ya maabara, kali kuliko heroini) ilitapakaa kwanza mashariki, kwenye heroini ya unga mweupe. Magharibi kulikuwa na ile nyeusi ya kunata, ngumu kuchanganyika na fentanili. Na kipimo cha awali cha opiati (jamii ya mofini) hakiioni fentanili kabisa: inataka kipimo chake au LC-MS, mashine ya maabara inayotenganisha dawa na kuzitambua kwa uzito wa molekuli.